Kichocho na Saa ya Mchana

Mhudumu wa maabara anayechunguza kichocho cha mkojo hupendelea sampuli iliyotolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa kuwa saa hizo ndizo mayai hutoka kwa wingi zaidi. Jambo hilo limezoeleka hata halishangazi tena. Lakini kwa nini mnyoo aliyejificha katika mishipa ya damu ya binadamu afuate mwendo wa jua?

Jibu limo majini. Mchana ndipo watoto huogelea, akina mama hufua na wakulima wa mpunga hushinda majarubani. Yai likiangukia maji yasiyo na chumvi huanguliwa, na kijidudu chake humtafuta konokono wa aina maalumu, ambamo huzaliana kwa maelfu. Wiki kadhaa baadaye lava hutoka, nao hutoka zaidi jua linapopanda, wakati miguu ya watu imo majini. Lava asiyempata mtu hufa ndani ya siku mbili hivi. Konokono naye, dimbwi likikauka, hujifukia katika tope na kusubiri mvua kwa miezi.

Katika kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibi, kichocho cha tumbo huishi pia ndani ya panya. Watafiti waliona kwamba katika maeneo ya panya lava hutoka alasiri kuelekea jioni, panya wanapoanza kutembea, na kwamba tabia hiyo hurithiwa. Kimelea kimebadili saa yake kwa kumfuata mwenyeji.

Adui wa namna hiyo hashindwi kwa vidonge peke yake. Prazikwanteli ni dawa nzuri na ugawaji wake shuleni usikatishwe. Hata hivyo huua minyoo waliokomaa, haiwawezi vyema wachanga, wala haimkingi mtu asiambukizwe tena. Mtoto aliyemeza dawa Jumatatu na kurudi bwawani Jumanne hajamkaidi yeyote, ametumwa maji. Kumwita mkaidi ni kumtwika mgonjwa kosa la mazingira.

Senegal inalo la kufundisha. Mwaka 1986 bwawa la Diama lilikamilika karibu na mdomo wa Mto Senegal, ili maji ya bahari yasipande na mashamba yamwagiliwe. Miaka miwili baadaye kichocho cha tumbo kiligunduliwa Richard Toll, mji wa mashamba ya miwa, kikaenea kwa kasi. Sababu zilikuwa nyingi: chumvi ilipungua, mifereji ikaongezeka, watu wakahamia kutafuta kazi. Moja haikuonekana mapema. Kamba wa mtoni hula konokono, lakini jike lake hulazimika kushuka hadi maji ya chumvichumvi ili watoto wake waishi. Ukuta ulimfungia njia. Watafiti walipowarudisha kamba mahali pamoja pa kuchotea maji, konokono wenye vimelea walipungua, na maambukizi mapya kwa watu vilevile. Baadaye, kung'oa majani ya majini, ambayo hustawishwa na mbolea ya mashambani na ndiyo makazi ya konokono, kulipunguza maambukizi mapya kwa watoto wa shule. Majani yenyewe yakawa mboji na chakula cha mifugo.

Asitokee wa kukimbilia kumwaga kamba wageni katika Ziwa Victoria. Sangara alipandikizwa humo katika miaka ya 1950, na samaki wengi wa asili wakatoweka. Kinachofaa kuigwa ni swali, si kamba: ni nani aliyekuwa akila konokono hapa, na amekwenda wapi?

Zahanatini, tabibu amuulize mgonjwa anatumia maji gani na saa ngapi. Kuchota alfajiri hupunguza hatari, ingawa hakuiondoi. Maji yaliyokaa siku mbili katika chombo kisicho na konokono hayana tena lava hai, japo ya kunywa bado yachemshwe. Na skimu ya umwagiliaji inapopangwa, ofisa afya aitwe kabla mhandisi hajachora ukuta, si baada ya zahanati kujaa watoto wanaokojoa damu.