Mbunge Wetu Amesema Nini Dodoma?

Ibara ya 71 ya Katiba ya mwaka 1977 humvua ubunge asiyehudhuria mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika. Lakini anayehudhuria na kunyamaza, Ibara hiyo haimgusi. Huyo yu juu yetu sisi tuliomtuma. Nasi, tukiri, tumezoea kumpima kwa mifuko ya saruji anayoahidi kwenye harambee za parokia, tena kwa makofi. Majadiliano ya Bunge huchapwa neno kwa neno, kwa Kiswahili. Twaomba kila jumuiya ndogo ndogo iyasome: ameuliza nini juu ya maji na zahanati yetu? Akija tena kutuchangia, tumwulize hayo kabla ya kupokea bahasha.