Svalbard Haitaki Viza, Lakini Usifunge Mkoba Bado

Najua umeiona ile video. Meli nyeupe, ukuta wa barafu ya samawati, kipande kinakatika na kuanguka baharini, watu wanashangilia. Juu yake kumeandikwa kwamba Svalbard haitaki viza, Mkenya karibu. Wewe umejilaza kitandani huko Pipeline, bando inaisha, roho inasema: siku moja, msee.

Sasa sikia. Ni kweli Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo kaskazini kabisa, havidai viza. Vina mkataba wake wa tangu 1920. Lakini ndege za kwenda Longyearbyen kwa kawaida hupitia Norway bara, na huko viza ya Schengen lazima. Tena iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo utakwama ukirudi. Hiyo kwenye video haipo.

Sikuvunji moyo. Mimi niliacha chuo kwa kukosa karo na bado natamani. Shuleni tulikariri kuwa fiodi ni bonde lililochongwa na barafu, kisha bahari ikaingia. Tukachora, tukapewa maksi, ikaishia hapo. Kuna watu wanaliona hilo bonde wakiwa kwenye mashua ya mpira, na mimi pia nataka kuliona.

Ninachokataa ni hii fikra kwamba barafu ni ya Wazungu. Bonde la Teleki pale Mlima Kenya lilichongwa na barafu vilevile, ila bahari haikulifikia. Barafu ya Lewis, iliyojulikana kuwa kubwa zaidi mlimani, imekonda vibaya. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro huenda ikaisha kufikia 2050. Hapo wengi wetu hata hatujafika uzeeni.

Wanorway wanalinda yao. Tangu Januari 2025, meli inayoingia hifadhi za Svalbard haifai kuwa na abiria zaidi ya 200, na wanashuka sehemu 43 tu zilizochaguliwa. Ni vizuri. Lakini meli hizo na ndege za kuzifikia zinachoma mafuta, na moshi huo unachangia kuyeyusha kile kile watu wamekuja kukiona. Wewe ambaye hata pikipiki huna, barafu yako ndiyo inaisha mapema.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Kabla ya kuweka akiba ya Svalbard, weka ya Mlima Kenya. Jipangeni kama marafiki watano, mtafute mwelekezi anayejua kazi, mpande polepole msiumwe na kichwa. Ukifika Point Lenana, mita 4,985, tazama kilichobaki cha Lewis na upige picha. Ukishuka, muulize mzee yeyote wa Nyeri mlima ulikuwa mweupe kiasi gani akiwa mtoto.

Svalbard ikija, poa sana. Lakini usije ukamsimulia mwanao barafu ya Norway, akuulize yetu ilikuwaje, ukose la kumwambia.