Usiku wa wapenzi uko bara pia

Mbona makala yenu ya usiku wa wapenzi Mombasa yanawapeleka wote Mji wa Kale na Nyali tu? Bara nje ya Nyali pana ladha yake. Anayeshuka treni ya SGR Miritini na kuchukua gari hahitaji tena kungoja feri ya Likoni: barabara ya Dongo Kundu inamfikisha upande huo bila kuvuka kwa feri. Ila mimi nawasihi wapenzi wavuke kwa miguu jioni kutoka kisiwani. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, na upepo wa Kilindini peke yake unatosha kuanzisha maongezi. Ng'ambo ya pili ndiko kwenye viazi karai vya moto na ukwaju, mishkaki, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Kaeni kwenye benchi, mle sahani moja nyinyi wawili.

Wa muziki na kucheza wapande matatu ya Mtwapa kupitia Kisauni; huko hakulali, ingawa ni kaunti ya Kilifi tayari. Kurudi, chukueni teksi hadi mlangoni. Na asubuhi msiikimbilie bufee ya hoteli, tafuteni mahamri na mbaazi za nazi kwa mama wa mtaani. Pesa zenu zitalisha nyumba ya hapa hapa.