Ngazija ya kusimuliwa

Itaje Komoro barazani popote mwambao, au Kariakoo, pale wanawake wa Kikomoro wanapofunga robota za vitenge na vyombo vya kupeleka Moroni, utaelezwa nchi nzima kwa sentensi nne tano. Nimezichoka. Nyingi zina chembe ya ukweli, ndiyo maana hazifi.

Ya kwanza: hao ni watu wa mapinduzi, hawajui kujitawala. Mapinduzi na majaribio yake ni mengi kweli, wanaohesabu huvuka 20. Ila tuulize nani alipindua. Uhuru ulitangazwa Julai 6, 1975. Ufaransa ikaondoa misaada yake, na Agosti 3 Rais Ahmed Abdallah akawa ameshang'olewa. Haukupita muda akaingia Bob Denard, Mfaransa, askari wa kukodiwa, kumtumikia Ali Soilih aliyeshika madaraka. Mei 1978 Denard huyohuyo akatokea baharini na watu wake, akamwangusha Soilih, akamrudisha Abdallah. Soilih aliuawa kabla mwezi haujaisha. Denard akakaa kabisa, akaongoza walinzi wa rais kwa fedha za Makaburu wa Afrika Kusini, hadi Novemba 1989 Abdallah alipouawa kwa risasi ofisini mwake, Denard akiwa humohumo ndani. Akatolewa nchini. Septemba 1995 akarudi tena, usiku, kwa boti za mpira na watu wapatao 30, akamkamata Rais Djohar. Mwaka 2006 mahakama ya Paris ikamhukumu kwa hilo la mwisho: kifungo cha nje. Cha nje!

Wakomoro nao wana yao. Azali Assoumani alipindua Aprili 1999 bila kukodi mtu, na kura ya maoni ya 2018, iliyomruhusu rais kukaa vipindi viwili mfululizo kabla zamu ya urais haijahamia kisiwa kingine, ni kazi ya mkono wake. Simtetei. Lakini kabla ya hapo zamu ya visiwa ilifuatwa: 2006 Azali wa Ngazija alimkabidhi Sambi wa Nzwani, 2011 Sambi akamkabidhi Ikililou wa Mwali, 2016 urais ukarudi Ngazija. Kura tatu, makabidhiano matatu. Taja nchi kubwa za bara hili zilizofanya hivyo katika miaka hiyohiyo, uone kama utamaliza vidole vya mikono.

Ya pili, ya Maore, kisiwa cha nne kilichobaki kwa Wafaransa, husemwa kwa kicheko: Maore waliitaka Ufaransa wenyewe, wameneemeka, hao wengine wana wivu tu. Kura ya Desemba 22, 1974 ilipigwa visiwa vyote vinne, koloni moja. Zaidi ya asilimia 90 walitaka uhuru. Maore peke yake zaidi ya asilimia 60 walikataa. Matokeo yalipotoka ndipo Paris ikaona afadhali ihesabu kisiwa kwa kisiwa. Umoja wa Mataifa haukuhesabu hivyo: Novemba 1975 uliipokea Komoro ikiwa na visiwa vinne.

Waliokataa walikuwa na kinyongo cha haki, na hapa wanaharakati wa Moroni hupenda kuruka ukurasa. Makao makuu yalihamishwa kutoka Dzaoudzi, Maore, kwenda Moroni, Ngazija, na ajira zikafuata. Wanawake wa Maore, Zéna M'Déré akiwa mbele, walikuwa wakimzingira kiongozi aliyetumwa kutoka Moroni na kumtekenya mbavu mpaka akubali kuondoka. Ni silaha ninayoiheshimu. Lakini ule ulikuwa ugomvi wa ndugu, na aliyeugeuza kuwa mpaka ni mwingine. Hadi mwanzoni mwa 1995 mtu wa Nzwani alivuka kwenda Maore kuuza ndizi, kuoa, kuzika, bila viza. Januari ile serikali ya Ufaransa, chini ya Waziri Mkuu Balladur, ikaiweka. Tangu hapo watu hupakiwa usiku kwenye kwasa-kwasa, boti ya uvuvi yenye mashine, wakavuka bahari ya kilomita 70 hivi. Maelfu wamezama.

Na hiyo neema? Maore ni mkoa kamili wa Ufaransa tangu 2011, na ndio maskini kuliko mikoa yake yote. Kimbunga Chido kilipopita Desemba 14, 2024, kilifagia mabanda ya bati yaliyojaa milimani, ndani ya Ufaransa hiyohiyo. Mjamzito wa Nzwani bado huvuka kwenda kujifungulia huko, kwa kuwa kwao hali ni mbaya zaidi. Sioni hapo wivu.

Ya tatu haistahili wino mwingi: wamejiunga na Waarabu, wametutupa. Waliingia Umoja wa Nchi za Kiarabu 1993. Somalia na Sudan zimo pia. Sayyid Ahmad bin Sumeit, kadhi wa Zanzibar aliyefariki 1925, alizaliwa Itsandraa, Ngazija. Na Machi 2008, Kanali Mohamed Bacar, aliyekuwa akiitawala Nzwani, alipogoma kuiachia, walioshuka kumtoa kwa niaba ya Umoja wa Afrika walikuwemo askari wa Tanzania. Bacar alikimbilia wapi? Maore.

Linalonikera zaidi ni la harusi. Eti Wangazija ni maskini kwa sababu wanafuja mali kwenye anda, ile harusi kubwa ya dhahabu, ng'ombe na karamu za siku nyingi, ambayo jamaa walioko Marseille huichangia kwa miaka. Asiyeifanya, hata awe profesa, mbele ya wazee bado ni kijana. Mzigo upo, madeni yapo. Lakini tazama fedha inakokwenda. Nyumba ni ya bibi harusi, imejengwa na kwao, na bwana ndiye anayehamia. Ndoa ikivunjika anayebeba sanduku ni yeye. Sehemu ya anachotozwa huingia mfuko wa mji, ukatoa barabara, msikiti, madarasa, mambo ambayo serikali haikuyafikia. Ali Soilih aliipiga marufuku. Yeye akaondoka, anda ikabaki. Tena anayelaumu ni nani? Ni sisi, wenye kadi za michango ya sendofu na kichen pati mfukoni tangu mwezi uliopita.

Imebaki ile ya mpira: kwamba Januari 2022, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, waliifunga Ghana 3-2 kwa kubahatisha. Mechi iliyofuata walicheza na Kameruni, wenyeji, bila kipa hata mmoja. Majeruhi na korona viliwamaliza. Golini akawekwa beki wa kushoto, Chaker Alhadhur. Dakika ya 7 wakabaki 10 uwanjani. Walifungwa 2-1 tu. Aliyeiona faulo ya Youssouf M'Changama ikimpita André Onana kutoka mbali vile aje anioneshe bahati ilikuwa imekaa wapi.