Asilimia 70 ya Nini?

Kila muhula, ifikapo juma la saba, huwaita wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, kundi kwa kundi, ili wawasilishe taarifa ya maendeleo ya miradi yao. Kila kundi lina watu watano au sita, nalo hupewa dakika 10. Muhula uliopita kundi la kwanza liliingia likiwa nadhifu, suti na tai, na picha za kuonyesha ukutani zikiwa zimepangwa kwa ustadi. Msemaji wao akatangaza kwamba kazi imefikia asilimia 70, kwamba zilijitokeza changamoto kadha wa kadha lakini zimefanyiwa kazi, na kwamba kwa ujumla mradi unaendelea vizuri. Darasa likapiga makofi.

Nikauliza: “Asilimia 70 ya nini?”

Kimya. Mradi wao ulikuwa kuwahoji wachuuzi 60 wa soko moja la jirani kuhusu ushuru wanaoutoa na huduma wanazozipata. Nilipozidi kuuliza, ikabainika kwamba walikuwa wamewahoji wachuuzi 11. Ile asilimia 70 ilikuwa ya kurasa: utangulizi ulikwisha kuandikwa, mapitio ya maandishi yalikwisha kuandikwa, na sura ya mbinu za utafiti ilikwisha kuandikwa. Ramani ya nyumba ilikuwa tayari, ila msingi haujachimbwa.

Sikuweza kuwakasirikia, kwa sababu lugha ile niliitambua. Wameirithi kwetu. Ni lugha ya taarifa za utekelezaji tunazozisoma na kuzisikia kila mwaka: mchakato unaendelea, upembuzi yakinifu umekamilika, mkandarasi yupo eneo la mradi, tuko katika hatua za mwisho. Tazameni sarufi yake. Changamoto “zimefanyiwa kazi”, lakini hatuambiwi na nani, lini, wala kwa matokeo gani. Kazi “imechelewa”, kana kwamba ilitoka nyumbani ikapotea njia. Kauli ya kutendwa ni hazina ya Kiswahili, ila katika taarifa hugeuka pango la kujificha mtendaji.

Tunao mfano ulio kinyume cha hayo. Mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa tathmini ya utekelezaji wake. Alikuwa na kila sababu ya kusema kwamba mambo yanakwenda vizuri, maana Azimio lilikuwa lake na chama kilikuwa chake. Aliyataja mafanikio, yakiwamo ya elimu na afya, lakini alikiri waziwazi kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala haijajitegemea, na akakosoa uzembe katika uzalishaji. Sisemi kwamba ukweli huo ulitibu kila kitu. Vyama vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka uliotangulia, na ikabidi sheria ya mwaka 1982 ivirudishe. Lakini msomaji wa tathmini ile aliweza kujua lengo lilikuwa lipi, tumefika wapi, na kimebaki nini. Ni taarifa ngapi za leo zinazotuwezesha kujua hayo matatu?

Mtu atasema: tunaye Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, na Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka atoe taarifa kila mwaka. Ni kweli, na kazi yake ni muhimu mno. Ila mkaguzi huja fedha zikiwa zimekwisha kutumika. Taarifa ya maendeleo huandikwa wakati bado kuna kitu cha kuokoa, na hapo ndipo ilipo thamani yake yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na taarifa ya maendeleo ni siku ya kuonyeshana nyufa.

Narudi darasani. Kundi la tatu siku ile liliwakilishwa na binti mmoja aliyeshika karatasi moja tu. Alisema: “Tuliahidi hojaji 60. Tumepata 23. Mwenyekiti wa soko alitukatalia kwa siku nne kwa kuwa barua yetu ya utambulisho haikuwa na muhuri, na kosa hilo ni letu, hatukuikagua. Wenzetu wawili hawajaenda sokoni hata mara moja. Tunaomba barua mpya, na tunaomba idadi ipunguzwe iwe 40.” Wanafunzi wakacheka.

Kicheko kile kilinifanya niitazame karatasi yangu ya kusahihishia, ambayo nimeitumia kwa miaka. Ilikuwa na nafasi ya alama za mwonekano, za kujiamini, za mtiririko na za kutunza muda. Haikuwa na nafasi hata moja ya ukweli. Kwa karatasi ile, kundi la suti lingepata alama 8 kati ya 10, na la yule binti lingepata 5. Kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikilaumu lugha ya viongozi huku nikiitolea alama nzuri darasani kwangu.

Kesho yake asubuhi kundi la yule binti lilipata barua yenye muhuri. Hadi mwisho wa muhula lilikuwa na hojaji 41 na ripoti inayosomeka. Kundi la kwanza lilileta hojaji 60 kamili, na karibu nusu yake zilikuwa na mwandiko mmoja na kalamu moja. Walipoulizwa, walikiri kwamba walizijaza wenyewe bwenini usiku mmoja. Waliirudia kazi. Ila nawaelewa: aliyekwisha kutangaza asilimia 70 mbele ya watu hana njia ya kurudi kwenye 11. Uongo wa juma la saba ulidai kughushi katika juma la 14. Naamini hata maofisini takwimu nyingi za kughushi huzaliwa hivyo hivyo: huanza na mtu aliyeona haya kusema “bado”.

Tangu hapo nimebadili utaratibu. Taarifa ni ukurasa mmoja wenye majibu ya maswali matano: tuliahidi nini, tumefanya nini, kwa idadi inayohesabika, kipi hakijafanyika na kwa kosa la nani, nani amefanya kipi, na tunahitaji nini, kutoka kwa nani, kabla ya tarehe ipi. Nusu ya alama ni za ulinganifu wa maneno na ushahidi. Msemaji simchagui mapema; huteua mwanakundi yeyote papo hapo. Utaratibu huu umewabana wale wanaobebwa, ambao mchango wao pekee huwa ni fedha ya kuchapa na jina lao kwenye jalada.

Wapo walimu wenzangu wanaosema kwamba hivyo tunawafundisha wavivu kutubu badala ya kufanya kazi. Hoja ina uzito. Lakini kukiri hakufuti alama za kazi isiyofanyika. Kunazuia tu isiongezwe dhambi ya pili. Na anayekiri katika juma la saba amejiwekea deni mbele ya mashahidi.

Hoja nzito zaidi hutoka kwa watumishi wa umma. Mmoja, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, aliniambia: “Mwalimu, ukiandika ukweli bosi anauliza kwa nini umeshindwa. Ukiandika ‘inaendelea vizuri’ anasaini.” Sina jibu jepesi kwake, kwa kuwa ana familia na mimi siye nitakayeilisha. Ila jibu la bosi ninalo: mkubwa anayemwadhibu mleta habari mbaya hapunguzi habari mbaya, huchelewesha tu siku ya kuzipata. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa wanafunzi nasema hivi: siku mtakapokaa kwenye kiti cha kupokea taarifa, kama mwalimu, mkurugenzi au diwani, ulizeni kwa upole, “asilimia 70 ya nini?” Kisha atakayewajibu “11 kati ya 60”, msimcheke. Mpeni barua yenye muhuri.