Mazungumzo ya Nyumbani: Mtoto Asiyelia

Mwezi huu nataka tuzungumze habari za watoto waliofiwa, na habari za watu waliojifunza kazi ya kuwaponya kwa maneno.

Hapa kwetu, chini ya mlima Meru, msiba ukiingia nyumbani watu hukusanyika. Wanawake huleta ndizi, wanaume huchimba kaburi, na kila mgeni humpa mkono mkubwa wa nyumba. Lakini ni nani amwendeaye mtoto? Masika ya mwaka juzi jirani yangu alichukuliwa na maji ya mto. Nalimkuta mwanawe wa miaka kumi amesimama nyuma ya zizi, macho makavu. Nikamshika bega, nikamwambia, "Nyamaza, baba, mwanamume halii." Naye hakuwa akilia! Nalimnyamazisha aliye kimya. Baadaye bibi yake akanieleza ya kuwa mtoto hakubali tena kwenda mtoni, na usiku huamka akipiga kelele. Ndipo nilipotambua ya kuwa neno langu lilikuwa kama kifuniko juu ya chungu kinachochemka.

Basi sikilizeni habari za Moshi, ambako si mbali na sisi. Huko, na Bungoma katika Kenya, walijaribiwa watoto 640 wenye miaka 7 hata 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Matokeo yake yalipigwa chapa mwaka 2020. Njia iliyofuatwa ilitungwa Marekani na Judith Cohen, daktari wa akili za watoto, pamoja na Anthony Mannarino na Esther Deblinger. Lakini walioifanya kazi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa huku huku, wenye kuijua lugha na desturi za watoto. Walifundishwa, kisha wakawa chini ya wasimamizi, ambao waliwaeleza waliyoyatenda na kusahihishwa nao.

Tazameni jinsi wanavyotenda. Watoto hukutana kwa makundi, mara moja kila juma, kwa majuma 12, na walezi nao hufundishwa. Hawaanzi na kifo. Kwanza mtoto huambiwa ya kuwa hofu na ndoto mbaya huwapata wengi waliofiwa, wala si wazimu wala utundu. Hufundishwa kupumua polepole, na kuitaja huzuni, hasira na hofu, kila moja kwa jina lake. Akiisha kupata nguvu hiyo, huketi peke yake na mshauri, akaisimulia siku ile kidogo kidogo, akairudia, mpaka ukali wake upungue. Mlezi naye hutayarishwa ili aweze kuisikia bila kumkatiza.

Wala tusiisifu njia hii kupita kweli. Palikuwa na mahali panne, mjini na shamba katika kila nchi. Tiba ilipokwisha, watoto wa mahali patatu walikuwa wamepata nafuu kuliko wenzao waliopewa msaada wa kawaida. Shamba la Tanzania tofauti haikuonekana. Baada ya mwaka mmoja, Kenya tofauti ilidumu, bali Tanzania wenzao walikuwa wamewafikia. Kwa hiyo dawa si maneno peke yake. Naona hata nyumba anayoirudia mtoto ina sehemu yake.

Mimi si mshauri, wala sikufundishwa. Lakini nalirudi kwa yule bibi, nikaketi kigodani, nikamwambia mjukuu wake, "Mwanangu, nalikukosea siku ile. Ukitaka kuniambia habari za baba, nitasikiliza." Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama maji yalikuwa baridi. Nikamjibu ya kuwa yalikuwa baridi. Ndipo akalia, bibi yake akalia, na safari hii sikumwambia mtu anyamaze.

Hajapona kabisa. Tumekubaliana na bibi kumpeleka hospitali aonwe na wenye ujuzi, kwa maana ndoto hazijamwacha. Nanyi, wazazi na walezi, mkiwa na mtoto aliyefiwa ambaye watu humsifu kuwa ni hodari kwa sababu halii, msimsifu upesi. Kaeni naye karibu, mkasubiri mpaka aseme.