Nani Anachekwa Mpakani?

Wako wenzetu wanaodai kwamba mzaha hauna hatia, na kwamba mchezo wa kuchekesha usitiwe mizanini. Sisi tunaofundisha Kiswahili Busia na Tororo hatukubaliani nao hata kidogo. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wahenga, nasi usaha huo tumeuona.

Tuanze mbali ili turudi nyumbani. Mwaka 1974 Mel Brooks alitoa Blazing Saddles, sinema ya makauboi iliyokusudiwa kuzidhihaki sinema za makauboi. Yaanza penye ujenzi wa reli. Wasimamizi Wazungu wawataka vibarua Weusi waimbe wimbo wa watumwa. Vibarua waimba wimbo wa starehe wa mjini, kwa sauti laini, kana kwamba wamo ukumbini. Mwishowe ni wasimamizi wenyewe wanaoimba na kurukaruka. Hapo kicheko kimemwangukia mwenye nguvu, nasi twakisifu. Baadaye kibarua mmoja, Bart, aliyeigizwa na Cleavon Little, apewa kazi ya kulinda usalama wa mji unaomchukia, na akili yake yaushinda ujinga wao.

Lakini sifa hiyo isitufumbe macho. Richard Pryor, mchekeshaji Mweusi, alishiriki kuiandika sinema hiyo. Brooks alimtaka awe Bart, wenye studio wakakataa. Chifu wa wenyeji wa asili wa Marekani aliigizwa na Brooks mwenyewe, akinena Kiyidi. Watasema kwamba hiyo nayo ni dhihaka kwa Hollywood, iliyozoea kuwapaka Wazungu rangi wakawa "Wahindi Wekundu". Na iwe hivyo. Hata hivyo mwenyeji mwenyewe hakupata kusema. Kumweka mtu mmoja mbele si kuwapa wote nafasi.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na hata leo Wateso na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Ndugu hao tumewatendeaje jukwaani? Katika mashindano ya michezo ya kuigiza tuliyohudhuria upande wa Kenya, mhusika kutoka Tororo aliletwa kwa sababu moja tu: alisema "sule" na "samba". Hakuwa na hoja wala jina. Ukumbi ulivunjika mbavu, nasi walimu tukapiga makofi. Wanafunzi wanaovuka mpaka kuja kusoma walicheka pia, huku wakitazama chini. Wiki iliyofuata hawakunyosha mikono darasani. Wala upande wa Uganda haujatakasika: huko Mkenya wa jukwaani ni mlanguzi, siku zote.

Kosa hili ni zito zaidi kwetu kuliko kwa watu wa sinema. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 ilikitangaza Kiswahili lugha ya taifa la Uganda, lakini Waganda wengi walikijua kwa sauti ya askari. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto aliyerithi hofu ya wazazi wake anakuja kwetu kujifunza. Sisi twampokea kwa kicheko! Lugha iliyotoka kwenye bunduki ikaingia kwenye dhihaka haijapata nyumba bado.

Hatusemi lafudhi isiigizwe. Twasema mwenye "sule" apewe jina, apewe akili, na neno la mwisho liwe lake. Mwalimu aandikaye mchezo ajiulize: je, kicheko hiki kinamwangukia mwenye mjeledi au aliyeubeba mzigo? Akishindwa kujibu, aufute ukurasa huo aanze upya. Na sisi tuliopiga makofi siku ile, tuwe wa kwanza kushika kifutio.